Kipimo kimesema mimi ni INFJ. Je, niache uhasibu?

Swali:

Shikamoo mshauri. Nina miaka 24 na nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka huu. Nimepata nafasi mbili za kazi: moja ni mkaguzi msaidizi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, nyingine ni ofisa mauzo katika kampuni ya bima. Kabla sijajibu, rafiki yangu alinitumia kipimo cha haiba cha mtandaoni. Kilisema mimi ni INFJ, na kazi zinazonifaa ni ushauri nasaha, ualimu na uandishi. Uhasibu haumo kabisa kwenye orodha. Nilisoma maelezo yale nikalia, maana hakuna mtu aliyewahi kunieleza hivyo. Miezi miwili baadaye nikakirudia, nikaambiwa mimi ni ENFJ. Sasa nafikiria kukataa nafasi zote mbili, nirudi chuoni nikasomee ushauri nasaha. Tena ile kampuni ya bima imenitumia kipimo chao, kile cha herufi D, I, S na C. Nijibu kwa ukweli, au nijibu wanavyotaka wao? Nina wiki mbili tu. Naomba msaada wako.

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kwa kuwa una wiki mbili tu, nianze na lisiloweza kusubiri: usikatae kazi wala usilipe ada ya chuo kwa sababu ya herufi nne. Huenda kweli uhasibu haukufai, na huenda ushauri nasaha ndiyo kazi yako. Ila siku utakapouacha uhasibu, uuache kwa sababu unayoweza kuieleza bila kukitaja kipimo. Hilo la machozi nimelisoma mara mbili, na nitalirudia, maana kwangu lina uzito kuliko herufi zote ulizopewa.

Umesomea uhasibu, basi tutumie jicho la mkaguzi. Mkaguzi akifika kwa mteja, mteja humwambia, "Mauzo yetu ya mwaka yalikuwa kiasi hiki, na ghalani tuna mali kiasi hiki." Mkaguzi anaandika, lakini hafungi faili. Anaomba stakabadhi, anaomba taarifa ya benki, anakwenda ghalani kuhesabu kwa macho yake. Kauli ya mteja humwelekeza pa kutazama. Haiwezi kujithibitisha yenyewe. Sasa rudi kwenye kipimo chako. Kilikuuliza kama baada ya kukaa na watu wengi unahitaji kuwa peke yako, ukajibu ndiyo, kikakuambia una mwelekeo wa ndani. Kilikuuliza kama shida za wengine zinakugusa, ukajibu sana, kikakuambia una huruma. Hakikukuona ukifanya kazi hata dakika moja, wala hakikumuuliza mtu aliyewahi kufanya kazi nawe. Ulichosoma ni kauli yako mwenyewe, iliyopangwa kwa ufundi na kupewa jina.

Kupangiwa kauli yako kuna faida, sikatai. Watu wengi hawajawahi kukaa chini na kujiuliza wanapenda nini, na maswali yale yanawalazimisha kufanya hivyo walau kwa nusu saa. Tatizo linaanza pale kauli inapogeuzwa kuwa hati.

Herufi hizo zina historia, na ni vizuri uijue. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alichapisha kitabu kuhusu aina za nafsi, akiwaeleza watu wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje. Mawazo hayo aliyapata kwa wagonjwa wake na kwa kutafakari; hayakutoka kwenye hesabu za watu wengi waliopimwa. Katharine Briggs, mama mmoja wa Marekani, alivutiwa mno na kazi hiyo, na binti yake, Isabel Briggs Myers, ndiye aliyeigeuza kuwa hojaji wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wanawake wengi walikuwa wakiingia viwandani kushika nafasi za wanaume waliokwenda vitani, na Isabel aliamini kwamba mtu akijua aina yake atapata kazi itakayomkaa vizuri. Si mama wala binti aliyekuwa amesomea saikolojia. Isabel alikuwa na shahada ya siasa. Namheshimu kwa miaka mingi aliyoitumia kwenye kazi hiyo, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Hicho ndicho kipimo kiitwacho MBTI, chenye aina 16, kila aina ikitajwa kwa herufi nne. Ulichokifanya wewe bure mtandaoni huenda hata si hicho, maana vingi vimeazima herufi tu na kujitungia maswali.

Sasa tazama kilichokutokea: INFJ, kisha ENFJ. Herufi ya kwanza imegeuka kutoka I ya mwelekeo wa ndani kwenda E ya mwelekeo wa nje. Ndani ya miezi miwili hukugeuka mtu mwingine. Kilichotokea ni kwamba uko karibu na mstari wa katikati, na majibu mawili matatu uliyoyabadilisha siku ile yakakuvusha upande wa pili. Fikiria daftari la hesabu ambalo kila kiasi kisichofika nusu milioni kimeandikwa sifuri, na kila kilichofika nusu milioni kimeandikwa milioni moja. Aliyeuza 499,000 anaonekana hakuuza kitu. Aliyeuza 501,000 anaonekana sawa na aliyeuza milioni nzima. Ungeweka saini yako chini ya hesabu hizo? Watu wakipimwa kwa wingi, hawajigawi makundi mawili, la wapole huku na la wachangamfu kule. Wengi wao hujaa katikati, palepale mstari unapopita. Kwa hiyo watu wengi wako kama wewe. Mwanasaikolojia David Pittenger, alipozipitia tafiti za kipimo hiki mwaka 1993, alieleza kwamba hata zikipita wiki tano tu, idadi ya watu wanaopata aina tofauti na ile ya kwanza inaweza kufika nusu.

Na ile orodha ya kazi zinazokufaa? Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Orodha za namna hiyo, zile zenye msingi wowote, hutokana na kuangalia aina fulani ya watu wanapatikana zaidi katika kazi gani. Tuseme kati ya washauri nasaha kuna INFJ wengi kuliko walivyo katika jamii kwa jumla. Hilo halikuambii kwamba hao INFJ wanafanya kazi vizuri kuliko wenzao, wala kwamba wameridhika, wala kwamba INFJ walioko kwenye uhasibu wanateseka. Watu wa kila aina wamo katika karibu kila kazi. Mwaka 1991 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani iliupitia ushahidi uliokuwapo, ikahitimisha kwamba hautoshi kuhalalisha kutumia MBTI katika kuwashauri watu kuhusu kazi. Orodha ziliendelea kuchapishwa kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nami nilizigawa. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilikuwa na imani kubwa na vipimo. Kijana mmoja alikuja kwangu akitaka kusomea uuguzi. Nikampima, nikamwonyesha karatasi, nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba alama zake haziendani na kazi za kuhudumia watu, afikirie kazi za kumbukumbu na takwimu. Alikunja karatasi, akashukuru, akaondoka. Mwaka uliofuata nilikutana naye, nikamuuliza maombi ya uuguzi yameishia wapi. Akaniambia hakuyapeleka, "kwa sababu karatasi ilikataa." Karatasi ile ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo sijampa mtu yeyote matokeo ya kipimo bila kukaa naye na kumuuliza maishani mwake ni lini jambo hilo lilionekana kuwa kweli, na ni lini lilionekana si kweli.

Turudi kwenye machozi yako. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyoandikwa, kwa madai yake, kutokana na majibu ya mwanafunzi huyo. Akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowaeleza vizuri. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo alipowaonyesha kwamba wote 39 walipewa maelezo yale yale, ambayo sehemu kubwa aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu wa nyota. Sentensi zenyewe zilikuwa za namna hii: una uwezo mkubwa ambao hujautumia; kwa nje unaonekana umetulia, lakini ndani una wasiwasi; unahitaji kupendwa na watu, ila unajikosoa sana. Nani asiyejiona humo?

Sikuelezi haya ili uone aibu kwa kulia. Maelezo ya INFJ yameandikwa kwa upole, yanamwambia msomaji kwamba ukimya wake una kina, kwamba anahisi mambo ambayo wengine hawayaoni, kwamba kutoeleweka kwake kuna sababu. Mtu ambaye kwa miaka minne amekaa darasani akipata alama nzuri bila yeyote kumuuliza moyo wake uko wapi, akisoma maneno hayo usiku peke yake, atalia. Umeandika mwenyewe: "hakuna mtu aliyewahi kunieleza hivyo." Nakuomba urudi kwenye maelezo yale, utafute sentensi hasa iliyokugusa, uinakili. Kama ni sentensi kuhusu kusikiliza watu wenye shida, hiyo ni habari kuhusu kazi unayoitamani. Kama ni sentensi kuhusu kutoonekana na kutoeleweka, hiyo ni njaa nyingine, na kubadilisha fani hakutaishibisha. Unaweza kuwa mshauri nasaha unayesikiliza watu kutwa nzima na bado ukarudi nyumbani hujasikilizwa wewe. Njaa ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuzungumza naye, na unaweza kumtafuta huku ukiwa mkaguzi wa hesabu.

Huenda unajiuliza kama kuna vipimo vilivyo bora. Vipo. Wanasaikolojia wengi wa utafiti wameachana na masanduku, wanapima sifa tano, kila moja ikiwa na juu na chini kama joto la mwili: uwazi kwa mambo mapya, umakini katika wajibu, mwelekeo wa nje, upole kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Chanzo chake ni kamusi. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walikusanya karibu maneno 18,000 ya Kiingereza yanayowaeleza watu, na waliowafuata wakaendelea kuyachuja kwa takwimu hadi yakabaki makundi makubwa matano. Sifa ya tano, ya wasiwasi, haimo kabisa katika herufi za MBTI, nayo ni muhimu kwa mtu anayechagua kati ya msimu wa ukaguzi na malengo ya mauzo ya kila mwezi.

Lakini hata hivi vilivyo bora havina nguvu kubwa ya kukuchagulia kazi. Murray Barrick na Michael Mount walijumlisha tafiti 117 mwaka 1991, wakaona kwamba sifa moja tu, umakini katika wajibu, inahusiana na ufanisi katika makundi yote ya kazi waliyoyaangalia. Uhusiano wenyewe ulikuwa karibu 0.2, kwenye mizani ambayo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu. Ukikokotoa, sifa hiyo inaeleza takriban asilimia 4 ya tofauti za ufanisi kati ya watu. Angalia pia kwamba sifa hii inamsaidia mhasibu, mwalimu na mshauri nasaha vilevile. Haimwelekezi mtu aende wapi. Na haiba yenyewe haijakauka ukiwa na miaka 24: tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba kati ya miaka 20 na 40 wengi huongezeka umakini na utulivu wa moyo.

Ningekuwa na saa moja nawe, ningeitumia kwenye mapendeleo ya kazi na kuiacha haiba. Mapendeleo ni kitu kingine. Haiba huuliza wewe ni mtu wa namna gani. Mapendeleo huuliza ungependa mikono na akili yako vishughulike na nini. John Holland, aliyewahi kuwahoji na kuwapanga askari jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliona kwamba historia za kazi za watu zinajirudia kwa mikondo michache. Mwaka 1959 akatoa nadharia yake, na hatimaye akaipanga mikondo sita kwenye pembe za umbo la pembesita: vitendo na zana, uchunguzi, sanaa, huduma kwa watu, uongozi na ushawishi, halafu utaratibu na kumbukumbu, ambao unaungana tena na vitendo. Mikondo inayopakana inafanana. Inayotazamana ndiyo iliyo mbali zaidi. Wizara ya Kazi ya Marekani inatumia mpangilio huu katika mfumo wake wa taarifa za kazi uitwao O*NET, ambako kuna hojaji fupi ya bure yenye maswali 60. Haikuulizi kama wewe ni mpole. Inakuuliza kama ungependa kupanga matofali, kutengeneza dawa mpya, kumsaidia mtu mwenye matatizo ya kihisia, au kutunza kumbukumbu za mali ghalani. Tafiti pia zinaonyesha kwamba mapendeleo hutulia mapema, kiasi kwamba mtu wa umri wako anaweza kuyaamini kwa miaka kadhaa mbele.

Sasa tazama mahali zilipo fani mbili unazozipima, uhasibu na ushauri nasaha. Uhasibu na ukaguzi viko kwenye pembe ya utaratibu na kumbukumbu. Ushauri nasaha uko kwenye pembe ya huduma kwa watu. Pembe hizo hazitazamani. Kati yake kuna pembe moja tu, ya uongozi na ushawishi. Maana yake ni kwamba umejipangia chaguo kana kwamba unachagua kati ya mashariki na magharibi, ilhali kati ya hapo na pale kuna kazi nyingi zinazochanganya vyote viwili: kufundisha uhasibu, kuwashauri watu kuhusu fedha na madeni yao, kusimamia rasilimali watu, kuwafunza wakaguzi wapya, kukaa na mwenye biashara ndogo inayoyumba na kumsaidia kuona fedha zake zinapotelea wapi. Hiyo ya mwisho, niamini, ina machozi mengi ya wateja. Kipimo cha herufi nne kisingeweza kukuonyesha njia hizi za katikati.

Hata hojaji ya mapendeleo ina mipaka. Uhusiano kati ya mapendeleo ya mtu kuendana na kazi yake na kuridhika kwake na kazi hiyo upo, ila nao si mkubwa. Mkuu wa kazi, mshahara, wenzako na saa za kazi vina sauti kubwa. Na kupenda si kuweza.

Mwaka 1909 kilichapishwa kitabu cha Frank Parsons, Mmarekani aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston na ambaye alikuwa ameshafariki kilipotoka. Alisema uchaguzi mzuri wa kazi unahitaji mambo matatu: kujijua, kuijua kazi, na kufikiri sawasawa kuhusu uhusiano wa hayo mawili. Zaidi ya karne imepita, na vijana wengi wanaokuja kwangu wamelifanyia kazi jambo la kwanza tu, tena kwa kubofya majibu. La pili wameliacha kabisa. Nikisoma barua yako, sioni kama umewahi kukaa na mshauri nasaha akiwa kazini, au mkaguzi akiwa kwa mteja.

Basi, hizi wiki mbili uzitumie hivi. Kwanza, kusanya stakabadhi zako. Chukua karatasi, andika mara kumi katika miaka mitano iliyopita ambapo ulifanya jambo ukasahau muda, au watu wakaja wenyewe kukuomba msaada. Usiandike sifa, andika matendo: nilimweleza mwenzangu mizania mpaka akaielewa, nilikesha nikitafuta tofauti ya hesabu hadi nikaipata, nilikaa na rafiki aliyefiwa bila kusema kitu. Weka mwaka, na jina la mtu aliyeona. Kisha andika mara kumi ulizochoka mpaka ukachukia. Nimeona watu wakitulia ghafla wakifika tukio la sita au la saba, kwa sababu matendo yanaanza kujirudia na hakuna haja ya mtaalamu kuwaeleza yanasema nini.

Halafu waendee watu watatu waliowahi kufanya kazi nawe, uwaulize wanakuona bora wapi na dhaifu wapi. Usiwaulize wanaokupenda tu. Brian Connelly na Deniz Ones walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2010, wakakuta kwamba maelezo ya wanaotuona kwa nje hutabiri utendaji wetu kazini vizuri kuliko tunavyojieleza wenyewe.

Kisha nenda ukaone. Omba kuzungumza na washauri nasaha wawili na wakaguzi wawili, na swali lako kuu liwe: siku mbaya ya kazi yako ikoje? Siku nzuri ya kazi yoyote inavutia. Mshauri nasaha atakuambia kuhusu mteja anayerudi na shida ile ile kwa mara ya kumi, kuhusu kuandika kumbukumbu za kila kikao, kuhusu kujizuia usimwambie mtu la kufanya wakati jibu liko ulimini. Mkaguzi atakuambia kuhusu wiki za mwisho wa mwaka wa fedha, nyaraka zilizopotea, na kuketi mbele ya mhasibu mzee anayekuogopa na kukuchukia kwa pamoja, ukilazimika kumuuliza maswali magumu kwa heshima. Utashangaa jinsi ukaguzi ulivyo kazi ya watu. Sikiliza ni siku mbaya ipi unayoweza kuivumilia, pengine hata kuitaka.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini mahali pako, ningechukua ile nafasi ya ukaguzi kwa mwaka mmoja. Si kwa sababu ni salama tu. Ukaguzi utakupitisha kwenye ofisi nyingi za aina nyingi ndani ya miezi 12, na hakuna kipimo kitakachokufunza kuhusu kazi za watu kama hicho. Wakati huo huo tafuta mahali pa kujitolea saa chache kwa wiki, pa kusikiliza watu chini ya usimamizi wa mwenye ujuzi. Mwaka ukiisha utakuwa na stakabadhi za pande zote mbili. Chuo hakitakuwa kimehama. Ila kama karatasi yako ya matukio kumi imejaa watu na haina hesabu hata moja, na ulipokaa na wale washauri hukutaka kuondoka, basi niandikie tena. Nitakusaidia kupanga safari ya chuoni bila kusitasita.

Mauzo nayo usiyafute kwa sababu ya herufi I. Adam Grant alichapisha mwaka 2013 utafiti wa wauzaji 340 wa kwenye simu. Waliouza zaidi hawakuwa wachangamfu kupita kiasi wala wakimya kupita kiasi. Walikuwa wa katikati, ambako wewe mwenyewe inaelekea uko. Ni utafiti mmoja wa aina moja ya mauzo, kwa hiyo haukuamrishi kitu. Unatosha tu kukuonyesha kwamba ile picha ya muuzaji aliyezaliwa na mdomo haina msingi imara.

Kuhusu kipimo cha D, I, S na C: jibu kwa ukweli, ukijifikiria ulivyo kazini na darasani, usijifikirie ulivyo nyumbani na ndugu zako. Kimetokana na mawazo ya William Moulton Marston, ambaye mwaka 1928 alieleza namna nne za watu kuitikia mazingira yao. Ndiye huyo huyo aliyemtunga Wonder Woman. Marston hakukusudia kupima nani anafaa kazi gani, na ni wengine walioyageuza mawazo yake kuwa hojaji ya sifa nne: utawala (D), ushawishi (I), uthabiti (S) na uangalifu (C). Katika namna yake ya kawaida hojaji hiyo inakulazimisha uchague neno linalofanana nawe zaidi na lile linalofanana nawe kidogo kabisa. Kwa mpangilio huo inakulinganisha wewe na wewe mwenyewe: inaweza kusema ushawishi wako unazidi uangalifu wako, lakini haiwezi kusema unamzidi mwombaji mwingine. Kuitumia kupanga waombaji nani wa kwanza na nani wa mwisho ni kosa la kihesabu ambalo wewe utaliona haraka kuliko wengi. Wachapishaji wa MBTI wenyewe wanasema wazi kwamba kipimo chao kisitumike kuajiri. Na ukijitungia sura ili upate nafasi, utalazimika kuivaa sura hiyo kila asubuhi mbele ya mkuu wa kazi aliyekuajiri kwa ajili yake.

Utakapowarudishia, waandikie kwa adabu ukiuliza mambo mawili: matokeo yatatumikaje, na kama unaweza kukaa nusu siku na mmoja wa maofisa mauzo wao kabla ya kusaini mkataba. Kampuni ya ukaguzi nayo iombe nusu siku kama hiyo. Fanya hivyo kesho, ili majibu yakufikie ungali na siku za kufikiri.